Nzi wa maembe hauawi juu ya mti

Natengeneza achari na juisi ya maembe hapa Malindi, na nina miembe niliyorithi kwa mama upande wa Ganda. Kazi ya achari ina jambo moja ambalo wafanyabiashara wengine wa maembe hawanalo: kila embe linalopita mkononi mwangu hupasuliwa. Dalali huangalia ganda, akapanga kwenye kasha, lori likashika njia ya soko la Kongowea, Mombasa. Mimi naona mpaka kokwa. Ndiyo maana watu wa Kakuyuni, Msabaha na Gede huniletea maembe yao na kuniuliza kwa nini yanameremeta nje na ndani ni uji. Kueleza mmoja mmoja kunachosha, basi nayaweka hapa yote.

Neno langu kubwa ni hili: pesa nyingi zinazomwagwa kwa pampu juu ya miembe zinapotea. Kazi yenyewe iko chini, kwenye kivuli cha mti, pale maembe yanapoanguka yakalala.

Kwanza pasua

Kabla hujaenda agroveti, chukua maembe kadhaa yaliyoanguka na mengine uliyoyachuma mtini, uyapasue yote hadi kokwa. Kuna mambo matatu unayoweza kuyakuta, na kila moja lina dawa yake.

Ukikuta mabuu weupe, wembamba, wasio na miguu, wamo kwenye nyama ya embe, na ukiwaweka mezani wale wakubwa wanajikunja na kuruka, hao ni watoto wa nzi wa matunda. Ukikuta nyama ni safi lakini kokwa limeliwa, na ndani yake yumo buu mnene mwenye kichwa cha kahawia au mdudu mgumu mwenye pua ndefu, huyo ni fukusi wa kokwa. Na ukikuta madoa meusi yanasambaa kwenye ganda wala hakuna mdudu popote, huo ni ukungu. Nimeona mtu amenunua mitego ya nzi, kaitundika shamba zima, na tatizo lake ni fukusi. Fukusi huyo hutaga kwenye embe likiwa bado changa, kidonda kinajifunga, na embe linakua bila alama. Haji kwenye mtego wa nzi hata kidogo. Anapunguzwa kwa kuzoa makokwa yote na kuyachoma au kuyafukia, basi.

Kuanzia hapa nasema juu ya nzi, kwa sababu ndiye anayetumaliza.

Mgeni wa mwaka 2003

Nzi huyu si wa kwetu. Asili yake ni Asia, na hapa Kenya alitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2003, huku huku pwani. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens wakidhani ni aina mpya. Mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia siku nyingi. Kabla yake tulikuwa na nzi wetu wa asili, Ceratitis cosyra, ambaye mama yangu alimlalamikia bila kumjua jina. Mgeni alimsukuma kando katika miaka michache tu: watoto wake wanamshinda yule wa zamani ndani ya tunda, na wakubwa wake wanamfukuza juu ya tunda.

Utafiti mwingi ninaoutegemea umetoka icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kwa mwembe usioshughulikiwa, hasara inayotajwa katika tafiti za nzi wa matunda ni kati ya asilimia 40 na 80 ya maembe. Na hasara haikuishia shambani. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na njia ilifunguliwa tena mwaka 2021, kwa maembe ya maeneo yaliyothibitishwa kuwa yamemdhibiti, Makueni yakiwa mbele. Sisi wenye maembe ya ngowe, matamu kuliko yote, tulibaki tukitazama.

Maisha yake uyajue, maana kila hatua ya kazi inatoka humo. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga mayai ndani. Utaona kitone kidogo, pengine na utomvu unaochuruzika. Maabara ya icipe ilimfuga kwa joto la nyuzi 28, ambalo ni joto letu la kawaida, na ikapata kwamba yai huanguliwa baada ya siku moja na kidogo, buu hula siku kama kumi na moja, kisha hutoka kwenye tunda, hujichimbia udongoni sentimita chache tu na kukaa huko akiwa pupa, yaani ametulia ndani ya ganda akigeuka nzi, siku kama kumi na mbili. Jumla ni siku 25 hivi kutoka yai hadi nzi mpya. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai katika maisha yake.

Sasa hesabu mwenyewe. Embe likianguka leo na likaachwa, mwezi haujaisha umeshapata nzi wa kutosha kuharibu mti wa pili. Ukipiga dawa juu, buu yumo ndani ya nyama na pupa yumo mchangani; dawa haimfikii yeyote kati yao.

Kuzoa

Zoa maembe yaliyoanguka mara mbili kwa wiki, tangu ya kwanza yanapoanza kudondoka hadi la mwisho limevunwa. Usingoje Jumamosi ya wiki ya pili. Buu hukaa ndani ya embe lililoanguka siku chache tu kabla hajatoka, na akishaingia mchangani umemkosa. Angalia pia yaliyo mtini bado yakiwa yamelainika upande mmoja. Yaangushe kwa kigoe na uyaweke pamoja na hayo.

Ukishazoa, usirundike pembeni ya shamba. Hilo ndilo kosa ninaloliona karibu kila ninapopita: mtu kafagia vizuri, kisha kajaza rundo chini ya mnazi. Amewahamisha tu.

Njia ninayotumia ni pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana, limewekwa juani. Zamani watu walifundishwa mifuko myeusi ya nailoni, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na siwezi kumshauri mtu aanze kuitafuta kwa magendo. Kama huna pipa, ile karatasi nene nyeusi ya wajenzi, wanayotandika chini ya sakafu, inafaa: tandika kipande, mwaga maembe, funika kwa kipande kingine, na pande zote ukandamize kwa mchanga pasibaki upenyo. Jua letu la Januari linamaliza kazi. Acha wiki moja hadi mbili, mpaka yote yamekuwa uji na hakuna kinachotikisika. Uji huo ukishapoa mwage kwenye mboji.

Ukipenda kufukia, chimba futi mbili kwenda chini. Mchanga wa pwani ni mwepesi, na nzi anayezaliwa kwenye shimo la kiganja kimoja hupenya akatoka. Kuku wanaochakura chini ya miembe nao wanasaidia, kwani hula mabuu na pupa bila kutumwa.

Kuna njia ya kitaalamu zaidi ambayo icipe imekuwa ikiwafundisha wakulima: hema dogo la wavu ambamo unamwaga maembe mabovu. Matundu ya wavu ni madogo mno kwa nzi kupita, ila yanampitisha nyigu mdogo sana aitwaye Fopius arisanus, aliyeletwa kutoka Hawaii. Nyigu huyu hutaga ndani ya yai la nzi, na mwishoni badala ya nzi anatoka nyigu. Hema linawafunga nzi ndani na kuwaachia nyigu warudi mitini kuendelea na kazi. Ni jambo la kikundi, si la mtu mmoja, na lina maana pale ambapo nyigu hao wameshaachiliwa. Mwulize bwana shamba wa wadi yako.

Mti wa nani, chini kwa nani

Hapa ndipo miongozo mingi hunyamaza, nami ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nzi haheshimu mpaka. Anaruka kutoka shamba hadi shamba bila taabu, kwa hiyo usafi wa mtu mmoja katikati ya mashamba machafu ni kazi ya kujichosha. Na pwani yetu ina mambo yake: mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwingine. Mpakani mwangu kuna mwembe mkubwa wa dodo ambao mwenye mti ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimwendea.

"Shikamoo, Mzee. Maembe yako yanaoza, yananiletea nzi."

"Marahaba, mwanangu. Mti ni wangu, lakini chini si kwangu. Nitazoaje kwa watu?"

Na mwenye ardhi naye anasema maembe si yake, akizoa ataitwa mwizi. Basi maembe yanalala. Dawa niliyoipata ni kuomba ruhusa waziwazi, mbele ya wote wawili, kwamba yaliyooza ni ya anayezoa na yaliyo mazima ni ya mwenye mti. Tangu hapo hapana maneno. Fanya hivyo kabla ya msimu, wakati hakuna embe la kugombaniwa.

Jambo la pili ni madalali. Wengi wetu huuza mti ukiwa bado na maua au vitoto, kwa sababu ada ya shule haingoji. Dalali akija kuvuna huchukua mazuri, yaliyotobolewa huyatupa pale pale, na siku ya pili hayupo. Weka sharti kwenye mapatano: wavunaji wake wakusanye yote yaliyoanguka na waliyoyakataa, wayaache kwenye pipa. Akikataa, punguza jambo lingine lakini hili usiliachie. Wapo waliocheka nilipolitaja mara ya kwanza. Siku hizi baadhi yao ndio wanaouliza pipa liko wapi, maana wameona maembe ya shamba safi hayawarudii kutoka Mombasa.

Mtego wa kuhesabia

Mtego wa nzi dume hutumia mafuta yaitwayo methili eujenoli, ndugu wa kile kinachoipa karafuu harufu yake. Hata mrihani wa kwenye kikuba, lile shada la maua ya kunukia, unayo kiasi fulani. Dume wa Bactrocera akiisikia hawezi kujizuia. Agroveti huuza kipande kilicholoweshwa tayari. Kishike kwa glavu.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha. Toboa matundu manne upande wa juu, upana wa kidole kidogo, ning'iniza kipande hicho ndani kwa uzi, na chini tia maji yenye sabuni. Itundike ndani ya kivuli cha mti, kama mita mbili kutoka ardhini, majani yasigusane na matundu. Waya wa kutundikia upake grisi. Usipopaka, sisimizi watashuka na kula nzi wote, nawe utakuta chupa tupu ufurahi bure. Kila wiki mwaga, hesabu, andika. Mimi huandika kwa mkaa ukutani mwa banda.

Elewa mtego huu unakuambia nini. Unakamata madume peke yao, na madume wachache waliobaki wanatosha majike wengi. Kwa hiyo chupa iliyojaa nzi si kinga, ni habari. Idadi ikipanda ghafla, ongeza kuzoa na anza chambo mara moja. Na yule nzi wetu wa zamani, cosyra, haji kwenye harufu hii. Ukiona mtego hauna nzi na maembe bado yana mabuu, yawezekana ni yeye.

Chambo, si mvua ya sumu

Jike asiye na protini hatagi. Nzi jike akizaliwa hutumia siku zake za kwanza akitafuta chakula chenye protini, na hapo ndipo unapomkamata. Chambo cha protini kimechanganywa na sumu kidogo, mara nyingi spinosadi. Jike hula akafa kabla ya kutaga.

Hakipulizwi mti mzima. Kiasi cha mililita 50 kwa mti, kwenye eneo la mita moja ya mraba tu ya majani, upande wa chini wa majani, asubuhi. Usilenge matunda. Anza maembe yakiwa na unene wa sentimita 1.3, yaani ukubwa wa gololi, urudie kila wiki mpaka mwisho kabisa wa mavuno. Mvua ikinyesha usiku, rudia. Watu huanza wanapoona embe limetobolewa, na hapo wameshachelewa. Kipimo cha kuchanganya na maji kifuate kama kilivyoandikwa kwenye chupa.

Nina sababu nyingine ya kupenda njia hii. Nina ndugu Gede wanaofuga vipepeo kwa mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huuza pupa wa vipepeo hao ng'ambo. Pampu ya mgongoni ikifukiza dawa kali shamba zima, vipepeo wao, nyuki wa jirani na wale wadudu wanaochavusha maua ya mwembe huenda pamoja. Ukimwua mchavushaji mwezi wa maua, usiulize mwezi wa mavuno.

Kwa walio chini udongoni kuna kuvu aina ya Metarhizium, ambaye icipe imemfanyia kazi kwa miaka mingi na ameshaingia sokoni. Hutiwa kwenye udongo chini ya mti. Buu anayeshuka kujichimbia hukutana naye. Hamdhuru mtu. Tia jioni au wakati kuna unyevu, kwa sababu jua kali linamwua kuvu naye.

Msiwachome majimoto

Wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, majimoto, watu huwachoma moto kila msimu kwa kuwa wanauma. Naomba tuache. Mtafiti Michael Way aliwachunguza Unguja katika miaka ya 1950, akaonyesha wanavyoilinda minazi dhidi ya kunguni anayeharibu nazi changa. Kunguni huyo sasa anabeba jina lake, Pseudotheraptus wayi. Na kwa maembe, utafiti wa Benin umeonyesha miti yenye majimoto wengi ina nzi wachache. Si kwamba wanawala nzi wote. Wanaacha alama ya harufu juu ya tunda, na jike akitua anaona pana hatari, anaondoka bila kutaga.

Kuwasambaza ni rahisi: funga kamba ya makumbi kutoka mti wenye viota hadi usio navyo, wenyewe watavuka. Kata matawi yanayogusa miti yenye kundi jingine la majimoto, maana makundi mawili hupigana. Wapo chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wakaao chini, ambao huwafukuza majimoto. Wakizidi, majimoto hawatulii.

Hasara yao ipo, siifichi. Hufuga wadudu gamba kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa, na majani hayo hushika masizi meusi. Na mvunaji huumwa. Vuna alfajiri wakiwa wazito kwa baridi, ukitumia kigoe chenye mfuko, na mikono uipake majivu.

Kuvuna

Nzi hupenda embe kadiri linavyozidi kuiva. Vuna likiwa kijani limekomaa: mabega yamejaa hadi juu ya kikonyo, na ukikata moja la majaribio nyama karibu na kokwa imeanza umanjano. Maembe ya aina ya ngowe na epo yanaivia vizuri nyumbani. Embe la boribo unaweza kuliacha kidogo kama chambo chako kimekaa vizuri.

Wauzaji wa nje huyaogesha maembe kwenye maji ya moto ya nyuzi 46 na kidogo kwa zaidi ya saa nzima, kuua mayai na mabuu. Nimeulizwa kama yafaa kwenye sufuria nyumbani. Haifai. Nyuzi mbili zikizidi umepika embe, zikipungua buu anaoga tu.

Baada ya kaskazi

Msimu mkubwa ukiisha, nzi hafi kwa njaa. Anahamia mapera, mastafeli, machungwa, ndizi zilizoiva, na kungu, tunda la ule mti wa kivuli uitwao mkungu. Mikungu imejaa Malindi, mbele ya mahoteli na kando ya barabara ya ufuoni, na hakuna anayeihesabu kuwa mti wa tunda. Zoa kungu zake vile vile, au waombe wafagiaji wasizirundike. Pogoa miembe katikati upenye mwanga, na usiiondoe mitego. Mapera ya jirani yakianza kunukia, toa mtego mmoja mwembeni, ukautundike huko kwa ruhusa yake, na uendelee kuhesabu kila wiki mpaka miembe itoe maua tena.